Sindano Zisizo na Dawa

Mwanamke aliyebisha lango la Riungu Jumamosi ile hakuwa amealikwa na mtu yeyote wa boma hilo. Alikuwa mfupi, amevaa raba nyeupe zilizokwisha kushikwa na udongo mwekundu wa Mikinduri, na mkononi alikuwa na kibegi cheusi cha zipu. Riungu alimwona kutoka chini, kwa kuwa alikuwa amelala kifudifudi juu ya gunia barazani, shavu kwenye saruji, mguu wa kushoto umenyooka kama mpini uliotupwa.

"Kama ni mambo ya mkopo," alisema bila kuinua kichwa, "mwenye kukopa ameenda shambani. Mimi sijui kitu."

"Si mkopo, mzee. Naitwa Jedidah. Nimetumwa na binti yako, Joyline."

"Joyline ako na shida?"

"Joyline ni mzima. Amesema wewe ndiye uko na shida."

"Mimi?" Riungu alicheka, na kicheko kikamchoma kiunoni hadi akauma ukosi wa shati. "Mimi nimepumzika tu."

Alikuwa amepumzika kwa siku kumi na mbili. Maumivu yalianzia kwenye tako, yakashuka nyuma ya paja, yakapita gotini na kuishia kwenye kifundo cha mguu, kama mtu anayevuta waya wa moto ndani ya nyama. Hakuweza kuketi. Alikula amesimama, ameegemea nguzo ya baraza, sahani mkononi. Chooni alipelekwa na mkewe Kathambi, baada ya Kathambi kwenda kwanza kuchungulia njiani kama kuna mtu wa kuwaona.

Lakini katika ukoo wa Riungu mwanamume hakuwa na maumivu. Alikuwa na uchovu. Babu yao, ilisimuliwa katika kila mazishi, alijikata kidole kwa panga akapalilia mistari sita iliyobaki ndipo akatafuta kitambaa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kama ile mistari sita ilistahili kidole. Waliisimulia hadithi hiyo vifua mbele, kana kwamba wao ndio waliokatwa.

Kathambi alifika kutoka shambani na mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni, akautua, akamtazama mgeni, akaelewa upesi kuliko mumewe.

"Wewe ndiye wa sindano? Yule wa pale Kinoru, karibu na duka la dawa la Joyline?"

"Ndiye, mama."

"Karibu sana. Huyu mtu hajaketi wiki mbili."

"Siku kumi na mbili," Riungu alisahihisha kutoka chini.

Jedidah alitoka Siakago, upande wa ukame kule Embu, na kwa hiyo walizungumza Kiswahili, kila mmoja kwa jinsi alivyokiokota. Alisomea tiba ya viungo, kisha akaongeza mafunzo ya tiba ya sindano. Alimgeuza Riungu kwa upole, akampima mguu, akamwambia avute kidole gumba cha mguu kuelekea kwake. Kidole kiliinuka. Akashusha pumzi.

"Kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka kiunoni kupita hapa hadi mguuni. Umebanwa. Sindano hizi zinaweza kupunguza maumivu, ili uanze kutembea na kufanya mazoezi. Haziondoi kila kitu. Na mguu ukianza kulegea, au mkojo ukikataa kutoka, hapo si mimi tena. Hapo ni hospitali, siku hiyohiyo."

Alitoa sindano moja, nyembamba kama unywele wa mtoto. Wakati huohuo Thuranira, mdogo wake Riungu, aliingia na koti lake la mzee wa kanisa, ambalo alilivaa hata siku za kupeleka maziwa.

"Hiyo iko na dawa gani ndani?" aliuliza.

"Haina dawa. Ni sindano peke yake."

"Haina dawa!" Thuranira aligeukia ua, ambapo hakukuwa na mtu ila kuku. "Baite, jamani, njooni muone! Mtu ametoka Embu kuja kumdunga ndugu yangu na hewa. Si hiyo ni kama kuuziwa gunia bila maharagwe? Na unalipisha?"

"Binti yake amelipa."

"Joyline alikuwa na akili akiwa mdogo."

Jedidah alimwinamia Riungu. "Mzee, niambie. Kutoka sufuri hadi kumi, unaumwa kiasi gani? Sufuri ni hakuna kitu. Kumi ni yale ambayo hakuna binadamu wa kuvumilia."

Riungu alimtazama ndugu yake. "Sufuri."

Kathambi alikohoa.

"Weka mbili," alisema Riungu, "kwa sababu umetoka mbali."

Jedidah aliandika mbili kwenye daftari lake na kupiga mstari chini yake. Alimwekea sindano kiunoni, nyuma ya goti na karibu na kifundo, akamwacha alale nusu saa. Thuranira alisimama hapo muda wote, akiuliza kama ugonjwa uko mgongoni au kwenye kisigino, maana huyu daktari anaonekana amepotea njia. Kabla ya kuondoka Jedidah alitoa masharti matatu. Usipande mti. Nikikuuliza nambari, nipe ya kweli. Na siku ya matibabu usitafune miraa hadi nimalize.

"Miraa inafanya mwili unyamaze," alisema. "Mimi nataka uongee. Nitarudi Jumatano."

"Mwambie mtu wa huku kwetu Tigania asitafune," Thuranira alisema, akifuta machozi ya kicheko. "Halafu mwambie ng'ombe asicheue."

*

Sharti la kwanza ndilo lililomkaa Riungu kooni. Rafiki yake Murungi alikuwa na kijana, Ndwiga, aliyetaka kumwoa binti wa mzee Munene wa ng'ambo ya mto. Huendi kwa watu kuomba binti na mdomo mtupu. Unapeleka ncoobi, furushi la miraa bora lililofungwa kwa majani ya mgomba, na wazee wa pande zote mbili wanalifungua na kulitafuna pamoja. Murungi hakuwa na miraa. Mwaka uliopita aling'oa miti yake yote akapanda parachichi, kwa sababu mtu mwenye gari kubwa alimwambia Ulaya nzima inalia njaa ya parachichi. Parachichi zilikuwa bado kimo cha goti.

"Nitanunua sokoni," Murungi alikuwa amesema kwa aibu.

"Ncoobi ya sokoni?" Riungu akamjibu, mbele ya watu. "Munene ataijua kwa harufu. Nitakuchumia mimi, kwa mkono wangu, kutoka kwa mbaine ya babu."

Mbaine ilikuwa mti mkongwe wa miraa nyuma ya nyumba, shina lake limepindana kama nguo iliyokamuliwa. Siku ya ncoobi ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Miraa haingoji, ilibidi ichumwe Ijumaa.

Jumatano asubuhi Riungu alimwomba Kathambi ile miraa iliyofunikwa jikoni. Kathambi akamkumbusha masharti. Riungu akasema mgeni hawezi kumkuta mwanamume amelala na mdomo mkavu kama maiti. Alianza kutafuna saa moja, akaendelea hadi saa tano, na Jedidah alipofika macho ya Riungu yalikuwa yanang'aa na ulimi haukai.

"Umetafuna, mzee?"

"Mimi? Nimekunywa chai."

Kathambi alifungua kinywa. Mumewe akamtazama. Akakifunga, na kwa kosa hilo alijilaumu baadaye kuliko alivyomlaumu mtu yeyote.

Nusu saa baadaye, sindano ya mwisho ilipotolewa, Riungu aliinuka. Aliketi kwenye kiti. Akasimama. Akazunguka ua mara mbili, akampiga teke jogoo, akacheka.

"Nambari?" Jedidah aliuliza, amekunja uso.

"Sufuri! Na leo ni ya kweli!"

"Mapema hivi? Hapana, mzee. Tafadhali usifanye kitu chochote. Hii si kawaida."

Ndipo Thuranira alipookoka kwa mara ya pili maishani mwake. Aliyekuwa akicheka sindano Jumamosi, Jumatano alizihubiri. Jioni hiyo aliandika kwenye kundi la simu la kanisa kwamba amemleta mtaalamu, yeye mwenyewe, na kwamba ndugu yake amesimama kama Lazaro. Kesho yake watu tisa walikuja na magoti, mabega na mgumba mmoja. Jedidah, kwa simu, alisema hajamponya mtu na asiye na miadi asisubiri. Wakakasirika. Daktari asiyejisifu walimwona ana kitu anachoficha.

*

Ijumaa saa mbili asubuhi Riungu alitafuna tena, akavua viatu, akapanda mbaine.

Mashahidi walikuwepo, kwa sababu Thuranira aliwaita. Riungu alipita panda ya kwanza kama kijana. Alifika panda ya pili, akaweka uzito kwenye mguu wa kushoto, na mguu haukuwepo. Haukuuma. Ulikuwa umekwenda zake. Alikumbatia tawi kwa mikono miwili na kubaki hapo, tako moja hewani.

"Shuka kidogo tukupige picha!" kijana mmoja alimwita kutoka chini.

"Nimepumzika," alisema Riungu.

Alipumzika saa nzima na nusu. Watu waliongezeka. Mmoja alishauri aombewe, mwingine tawi likatwe. Thuranira alikumbuka ngazi ya kanisa, ile ya paa, lakini alisema funguo ziko kwa mweka hazina, na yeye na mweka hazina hawasemezani. Alipoulizwa kwa nini asipande yeye, akaonyesha koti.

"Mzee amekuwa tumbili lakini bado ako na pozi," kijana mwenye simu alisema, na video ikaenda hadi Timau kabla Riungu hajafika chini.

Akiwa hana pa kutazama isipokuwa juu, Riungu alifanya kitu kimoja alichoweza. Mikono yake ilikuwa mizima. Alichuma. Kijiti baada ya kijiti, vile vyekundu vichanga vya ncha, akavitia ndani ya shati. Shati lilipojaa alimwita Murungi kwa jina, akaanza kuangusha. Murungi alikimbia huku na huku chini ya mti akiokota, watu wakimcheka yeye pia, naye hakuinua uso.

Kathambi ndiye aliyekwenda kwa mweka hazina na kurudi na ngazi begani.

Riungu aliposhushwa, mguu wa kushoto ulipiga ardhi chwa, chwa, kama kandambili. Joyline alikuwa amekwisha kuiona video dukani, na Jedidah alifika kwa bodaboda kabla ya adhuhuri. Thuranira alimkuta langoni.

"Umefurahi? Sindano zako zimemkausha mguu! Nilisema tangu siku ya kwanza, sindano gani hizo hazina dawa!"

Jedidah alimpita. Alipiga magoti mavumbini. "Mzee, vuta kidole gumba."

Riungu alikitazama kidole. Alikikazia macho kama mtu anayemwamrisha mtoto mkaidi. Kidole kilitetemeka, kikalala.

"Jumatano uliniambia sufuri. Ulikuwa umetafuna?"

Riungu alimtazama mkewe.

"Tangu saa moja," Kathambi alisema, kwa sauti ambayo ua wote ulisikia. "Na leo tena. Na mimi nilijua."

*

Hospitalini mjini Meru daktari alisema pingili ya uti wa mgongo imebana mshipa. Hakutaka kumpasua haraka. Alimpa dawa, mkongojo na maneno makali. Jumatatu arudi; mguu ukizidi kulegea kabla ya hapo, ni kisu. Kuhusu sindano, alisema zinaweza kuendelea kwa ajili ya maumivu, mradi mtu mwenye akili anapima mguu kila siku. Alimtazama Jedidah alipotamka neno akili, kisha Riungu, na haikujulikana ni nani aliyesifiwa.

Kwenye benchi la ukumbini Jedidah alizungumza polepole.

"Kesho saa tisa nitakuja. Nitapima mguu na kukuuliza nambari, halafu nimpigie simu daktari. Kama mwili wako umenyamazishwa, nitamwambia uongo bila kujua, nawe Jumatatu utakuwa umechelewa. Mguu huu ukifa haurudi. Mdomo mkavu kutoka asubuhi, na nambari ya kweli. Unaweza?"

"Kesho ni ncoobi," alisema Riungu.

"Najua. Joyline ameniambia."

"Hujui. Aliyechuma ndiye hutafuna wa kwanza."

Jedidah hakuwa msichana wa kubembeleza. Alifunga zipu ya kibegi, akaifungua, akaifunga tena.

"Naahidi," alisema Riungu.

*

Nyumbani kwa mzee Munene viti vilikuwa vimepangwa kwa umri. Riungu aliingia kwa mkongojo, chwa, chwa, na vijana kwenye ukuta walikohoa ili wasicheke. Alipewa kiti cha mbele hata hivyo, maana furushi lilikuwa lake. Lilifunguliwa. Wazee waliinama wakanusa, na kwa muda hakuna aliyekumbuka video. Ilikuwa mbaine kweli. Murungi aliketi akiwa ameshikilia magoti yake, na kijana wake Ndwiga alikuwa akitokwa jasho kwenye tai ya kuazima.

Munene alichagua kijiti kirefu akamnyooshea Riungu. "Aliyechuma."

Riungu alikipokea. Alikishika. Mate yalimjaa kinywani, na mguu ukamchoma kuanzia takoni hadi kisiginoni, ukimkumbusha dawa yake ya zamani ilivyokuwa karibu.

"Mzee, sitatafuna leo."

Mzee mmoja wa upande wa Munene alikirudisha kijiti chake kwenye furushi, taratibu, kama mtu aliyegundua nyoka. Wengine wakafuata.

"Mtu anachuma ncoobi halafu anaogopa kuionja?" yule mzee aliuliza. "Ameitilia nini?"

"Hakuna kitu!" Murungi aliinuka. "Riungu, kwa jina la Mungu, tafuna. Kimoja tu!"

"Tafuna, wewe!" Thuranira alimnong'oneza kwa meno. "Unatuaibisha kwa sababu ya mwanamke wa Siakago?"

Riungu alimtazama Ndwiga kwenye tai yake. Angeweza kusema ni tumbo. Tumbo lingekubalika, tumbo halina aibu. Lakini Jumatano alisema chai, na hapo ndipo yote yalipoanzia.

"Miraa ni safi," alisema. "Mnijue mimi ndiye mbovu. Mguu wangu unakufa. Nilimdanganya daktari kwamba siumwi, nikatafuna nisisikie, nikapanda mti nikakwama kama mlivyoona wote kwenye simu zenu. Naumwa. Nimeumwa siku zote hizi. Leo saa tisa nimeahidi kusikia. Ndiyo sababu. Hakuna nyingine."

Walicheka. Si wote, lakini wa kutosha. Yule mzee alicheka hadi akashika ubavu: mwanamume wa miaka sitini na moja, mjukuu wa yule wa kidole, ameahidi msichana kwamba atasikia! Munene hakucheka wala hakumtetea. Alichukua kijiti kutoka mkononi mwa Riungu akakitazama mbele na nyuma, akamgeukia Thuranira.

"Wewe ni ndugu yake. Onja."

Thuranira alionja, na kwa kuwa aliyeonja ndiye husema, akapewa kile kiti cha mbele pia. Riungu alihamishwa hadi benchi la karibu na mlango, kati ya vijana. Kutoka hapo alimsikia ndugu yake akieleza jinsi ukoo wao ulivyochuma furushi hilo kwa jasho. Wazee wakatafuna. Binti alikubaliwa. Murungi alipita mlangoni mara mbili akienda kuita chakula, na mara zote mbili alitazama upande mwingine.

Kathambi hakungoja pilau. Alitoka jikoni kwa akina mama, akamshika mumewe chini ya kwapa mbele ya watu wote, bila kuchungulia kama kuna anayewaona, wakaondoka.

Jedidah alikuwa ameketi barazani walipofika, raba zake nyekundu kuliko Jumamosi ile. Riungu alilala kifudifudi kwenye gunia lake. Alifungua kinywa bila kuambiwa, akautoa ulimi, kama mtoto wa shule. Ulikuwa mweupe, mkavu.

Akavuta kidole. Kiliinuka kidogo, upana wa punje ya mahindi, kikabaki hapo kikitetemeka.

"Nambari, mzee?"

Nje ya lango vijana wawili walikuwa wamesimama na simu. Riungu aliwaona.

"Saba," alisema.

Jedidah aliinamisha kalamu. Riungu aligeuza shavu upande wa pili wa gunia, akamtazama mkewe, ambaye kwa miaka thelathini na minne hakuwahi kuambiwa mumewe anaumwa kiasi gani.

"Nane," alisema. "Andika nane."